Waridi la Pinki kwenye Mtungi wa Mafuta

Kijana wa kitalu cha kando ya barabara alininyooshea mche wenye ua moja kubwa juu ya fimbo ndefu kama bakora. "Mathe, hii ndiyo moto," akaniambia. "Ikishika utanitafuta." Nyuma yake, karibu na mtaro, palikuwa na mche mwingine usiofika goti, matawi yamefungamana, majani yamejaa vumbi la matatu. Nikachuchumaa nikahesabu: tawi moja, vitumba kumi na kimoja. Cha katikati kilikuwa kimeshafunguka na kuanza kunyauka. Kumi vilivyosalia vilikuwa bado vya kijani, vimefumba. "Nipe huo, kijana wangu." Akasikitika, nadhani kwa sababu ya bei, maana mfupi ulikuwa nusu ya mrefu.

Ule mfupi ndio floribunda. Jina ni la Kilatini, maana yake ni wenye maua tele, na sifa yake ni hiyo tu: badala ya kupeleka nguvu zote kwenye ua moja la kujivunia, mmea huzigawa kwenye kichala. Kiswahili kina kichekesho hapa, kwa kuwa rangi yenyewe tunaiita ya waridi, hivyo ningelazimika kuandika juu ya waridi la rangi ya waridi. Nitasema pinki, kama inavyosemwa mitaani Nairobi, kuanzia Shauri Moyo hadi Kayole.

Kundi la floribunda lilianzia Denmark. Akina Poulsen, wakulima wa miche, walitaka waridi la kustahimili baridi ya kaskazini, wakachanganya polianta, yenye maua madogo ya vichala, na mawaridi ya kundi la chai, yale yenye ua moja juu ya shina refu. Mwaka wa 1924 Svend Poulsen akatoa 'Else Poulsen', la pinki, na mengi yaliyofuata ni wajukuu wa kazi hiyo. Ajabu ni kwamba mmea uliotengenezwa kwa ajili ya theluji ndio ninaoupendekeza kwa balkoni ya mtaa wa Umoja. Ninachokitafuta hapo ni umbo lake. Ni mfupi, hutoa matawi kutoka chini, huchanua kwenye kila chipukizi, na ukivunjwa na mpira wa watoto hauchukui mwaka kujirudia.

Watu wengi wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, wameshanieleza kwamba wana "mkono mbaya" wa maua. Siamini. Ushauri wa mawaridi tulionao umetoka mahali pawili. Kwanza ni Uingereza, ambako majira ya baridi huulaza mmea wenyewe. Pili ni mitaa ya magharibi ya Nairobi, yenye udongo mwekundu. Eastlands haina hiki wala kile. Mipango ya ukoloni iliwaweka Wazungu magharibi na kaskazini, kwenye vilima vya udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri, na Waafrika mashariki, ng'ambo ya reli na viwanda, kwenye tambarare ya udongo mweusi. Ubaguzi wa nyumba na maji unakumbukwa. Wa udongo hautajwi, lakini huku kwetu jembe huukuta kila siku.

Udongo wenyewe mnaujua. Ukilowa huvimba na kunata kwenye gambuti mpaka mguu unakuwa wa tembo. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza kiganja. Mafundi wa ujenzi huuchimba wote na kuubeba kwa lori kabla ya kumwaga msingi, maana ukiachwa ukuta utapasuka. Mpanda maua naye hushauriwa achimbe shimo, atoe udongo mweusi, ajaze mwekundu. Nami nilifanya hivyo Buruburu. Mashimo sita, kila moja la futi mbili, udongo mwekundu wa gunia na samadi. Mawaridi yalichanua vizuri mno miezi minane. Kisha zikaja mvua za El Niño, mwisho wa 1997. Kufikia Januari majani yalikuwa ya manjano, na nilipong'oa mche wa kwanza mizizi ilitoka myeusi, laini kama uji, inanuka mtaro.

Sikuwa nimechimba shimo la kupandia. Nilikuwa nimechimba beseni. Maji yaliingia upesi kwenye udongo mwekundu, yakashuka hadi chini, yakakuta kuta za mfinyanzi mweusi ulioshiba na kujifunga, yakakaa hapo. Mizizi ya waridi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na siku chache za kuzama zinatosha kuanza kuiozesha. Mwenye ardhi Eastlands basi asichimbe, ainue. Panga mawe au matofali kimo cha sentimita 30 hadi 40, vunjavunja udongo mweusi wa chini kwa uma wa bustani na kuuchanganya na mboji, halafu jaza mwekundu juu yake. Udongo mweusi si adui. Una virutubisho vingi kuliko ule mwekundu tunaouonea wivu, na mizizi ikishazoea itajishukia yenyewe kuufuata. Kinachotakiwa ni shingo ya mmea ibaki mahali pakavu.

Lakini nani bado ana ardhi? Nyumba za Buruburu, zilizojengwa kwa awamu tano tangu mwanzo wa miaka ya 70, zilikuwa na kibustani mbele ya kila mlango. Vingi vimekuwa saluni, duka la dawa, vyumba vya kupangisha. Kaloleni na Jericho utaona bado nyasi na kaiyaba zilizobaki, ila Umoja, iliyoanza na nyumba za chini kwa ufadhili wa Marekani, imepanda ghorofa juu ya ghorofa. Nyua zimekwisha, maua yamehamia mitungini. Ndiyo maana nauchagua mche mfupi.

Mtungi ninaoupenda ni ule wa manjano wa mafuta ya kupikia, wa lita 20, ukikatwa shingo. Ndoo ya rangi ya ukuta pia hufaa, mradi isiwe nyeusi, kwani jua la Januari hupika mizizi ndani ya chombo cheusi. Chini ya lita 20 usijisumbue na floribunda. Vyombo hivyo ni vya mawaridi madogo kabisa. Toboa matundu manane au kumi ya unene wa kidole, kwa chuma cha moto, mengine chini na mengine ubavuni, sentimita moja tu kutoka sakafuni. Kisha kiinue chombo juu ya vipande vitatu vya tofali.

Usiweke mawe ndani. Najua kila mtu huweka, na mama yangu aliweka, lakini chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ilaze juu ya kiganja mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe kwa ncha. Itadondosha tena. Maji yale yale, sifongo ile ile, ila urefu umeongezeka na uzito wa maji umeyasukuma chini. Udongo kwenye mtungi hufanya hivyo hivyo: sehemu ya chini kabisa hubaki imeshiba maji, na maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ujae kabisa. Ukijaza mawe robo ya chombo, umeinua tope likaribie mizizi na kuufupisha udongo wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo karai pana ni chombo kibaya cha waridi na mtungi mrefu ni kizuri, hata kama karai linapendeza zaidi kwenye picha.

Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi ya mbuzi, moja ya pumisi, yale mawe mepesi ya volkano ambayo mashamba ya maua ya Naivasha hupandia mawaridi bila udongo. Ukikosa pumisi tumia mchanga mnene wa mtoni. Samadi ya mbuzi Eastlands si taabu, kwenye soko la mbuzi la Kiamaiko ipo, lakini iache kwenye gunia miezi mitatu ipoe. Ya kuku ni kali na ikiwa mbichi huunguza mizizi. Mtungi ukishalowa utakuwa na uzito wa kama kilo 30, kwa hiyo uweke sakafuni, kamwe usiuweke juu ya ukuta wa balkoni. Chini kuna watoto wanacheza. Na mtungi wa plastiki haudumu: baada ya miaka miwili hivi ya jua nilishika ukingo wa wangu kuusogeza, ukabaki ukingo mkononi na udongo wote sebuleni.

Maji ni hadithi nyingine. Ya mfereji, yanayotoka Ndakaini na mabwawa mengine ya milima ya Aberdare, ni laini na waridi huyapenda, siku yanapokuja. Siku ambayo mgao haujatufikia tunanunua ya kisima kwa mkokoteni, na maji ya visima vya Nairobi mara nyingi yana magadi na floridi kwa wingi. Mwezi wa kwanza huoni kitu. Wa tatu, majani machanga yanatoka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Jirani atakwambia mmea una njaa, uongeze mbolea. Hauna njaa, umezuiwa kula: magadi yamepandisha pH ya udongo na madini ya chuma yamefungika humo. Ukiongeza mbolea ya dukani unazidisha chumvi. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, na mara moja kwa mwezi mwagia mtungi maji mengi ya mvua au ya mfereji mpaka yatiririke chini na kusafisha. Maji ya kuoshea mchele na sukuma ni halali, ya kufulia nguo siyo. Kwa kipimo changu, mtungi wa lita 20 wenye mche uliokomaa hunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku mwezi wa Januari, na chini ya nusu ya hapo Julai.

Sasa jua, na hapa wapangaji wengi hupotea kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba tuko karibu mno na ikweta. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo kusini yake. Tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa vichwa vyetu. Miezi iliyobaki hupita kusini. Balkoni inayotazama kusini kwa hiyo huishi kivulini nusu mwaka, na mwenyewe humlaumu aliyemuuzia mche. Inayotazama kaskazini ina bahati mbaya ya namna yake, kwani hupata zamu ya jua miezi ile ile ya Juni, Julai na Agosti ambapo Nairobi imejifunika wingu. Tena jua la saa sita halilali sana: hata Juni huinama nyuzi zisizofika 25 kutoka utosini, hivyo slabu ya jirani wa juu hulikinga, na ni ukingo tu wa balkoni unaoliona vizuri. Waridi linataka saa sita za jua. Balkoni ya mashariki ndiyo bora kwa sababu hupata jua tangu saa moja asubuhi, mwaka mzima, na umande hukauka mapema. Ya magharibi inafaa pia, ila joto la alasiri Februari hupausha pinki ikawa kama kitambaa kilichofuliwa kwa dawa. Halafu kuna kamba za nguo. Shuka mbili zilizoanikwa Jumamosi ni kivuli cha siku nzima, na sijawahi kuona waridi likishinda kesi hiyo.

Kupogoa ndipo ninapotofautiana na wengi. Desturi ya mtaani ni kukata Machi, mvua ikikaribia, kama ua wa nje. Hesabu basi. Huku kwetu mmea haulali. Ukikatwa huanza upya papo hapo, na maua hurudi baada ya wiki sita hadi nane. Ukikata Machi, majani machanga yanazaliwa Aprili, katikati ya mvua za masika. Kuvu wa madoa meusi anahitaji jani lililolowa kwa saa kama saba mfululizo ndipo mbegu yake ichipue, na usiku mmoja wa Aprili unampa zaidi ya hizo. Ukikata mwisho wa Mei, maua yanaangukia Julai, msimu wa baridi kavu na ubwiri unga, ule weupe kama unga wa ngano juu ya majani. Mimi hukata katikati ya Agosti. Baridi inaanza kuachia, majani yanakua kwenye anga kavu, na mwanzo wa Oktoba, kabla mvua za vuli hazijashika, vichala vimefunguka. Mkato mwepesi mwingine hufuata katikati ya Novemba, nao hunipa maua ya Januari, mwezi wenye jua safi kuliko yote. Juni na Julai ndiyo baridi pekee tuliyo nayo, mmea huzubaa wenyewe, nami huuacha uzubae.

Usikate kama kitabu cha Ulaya kinavyosema, mpaka visiki vya shubiri moja. Kule majani yameshapukutika na mmea umelala. Huku ungali macho, na sehemu kubwa ya chakula chake imo kwenye majani na matawi unayotaka kuyatupa. Ondoa theluthi moja ya kimo, matawi makavu, na lolote linalokwaruza lingine katikati. Kata juu tu ya jicho linalotazama nje. Baada ya hapo kijiko cha chai cha mbolea ya NPK 17:17:17, kimenyunyizwa kuzunguka ukingo wa mtungi na kumwagiliwa, kinatosha kwa wiki sita.

Na kuna kazi ndogo ambayo wauzaji hawaisemi. Ule mche wangu wenye vitumba kumi na kimoja ulikuwa na ila moja: cha katikati. Hicho ndicho hutangulia kila kichala, huchanua peke yake, kisha huoza wakati wenzake wanafunguka, na kichala kizima kinaonekana kichafu. Ukikiona kimefikia ukubwa wa punje ya pilipili manga, kikwanyue kwa kucha. Inauma kidogo kufanya hivyo mara ya kwanza. Vilivyobaki vitafunguka pamoja, ndani ya wiki moja hivi. Wenye mawaridi ya chai hufanya kinyume, hung'oa vya pembeni wabaki na cha kati, na nadhani ndiyo maana ushauri huu haukufika kwetu.

Magonjwa sitayakalia. Ukiona majani yamepauka na utando mwembamba chini yake, ni utitiri mwekundu, unaopenda vumbi la Outering na balkoni kavu. Ogesha sehemu ya chini ya majani asubuhi kila baada ya siku tatu. Vidukari huondoka kwa vidole au kwa maji yenye sabuni kidogo. Kwa ubwiri unga, Wagner Bettiol, mtafiti wa Brazil, alionyesha mwaka wa 1999 kwamba maziwa mabichi yaliyozimuliwa kwa maji huudhibiti kwenye mimea ya zukini, na wakulima wa mawaridi wakaiga. Nimejaribu, hupunguza. Lakini kwa bei ya pakiti ya nusu lita, nikiwa na chai ya kupika, najua nani atanyimwa.

Miche mingine hupatikana bure, kwa vipandikizi. Chagua tawi lililomaliza kuchanua, unene wa penseli, urefu wa kiganja na nusu, lenye macho manne. Mawili ndani ya mchanga uliolowa, mawili nje, kivulini. Achana na ile ya kuchomeka kwenye kiazi, kiazi huoza na kuondoka na kijiti chako. Floribunda huota vizuri kwa mizizi yake yenyewe, na hilo lina faida: haina maotea ya shina geni kutoka chini, kama mche uliobebeshwa juu ya waridi mwitu. Usijaribu shada ulilonunua kwenye foleni siku ya Valentine. Mengi ni masalio ya mashamba, aina zilizotengenezwa kwa nyumba za plastiki na shina refu, na zikitoka nje huugua kila kitu. Tena kuzizalisha ili uuze ni kosa. Kenya imo kwenye mkataba wa kimataifa wa UPOV tangu 1999, na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, hulinda haki za waliobuni aina mpya. Aina kuukuu hazina kizuizi hicho. 'Queen Elizabeth' la pinki, kazi ya Walter Lammerts wa Marekani, ni la 1954, miaka miwili baada ya mwenye jina kupata habari za ufalme wake akiwa Sagana Lodge, hapa Kenya. Waingereza walilihesabu kuwa floribunda. Hupita kimo cha mtu mzima, kwa hiyo ukiuziwa balkonini kama mche mfupi, rudisha.

Jumamosi iliyopita kile kichala changu kilikuwa wazi, maua kumi. Mtoto wa jirani, wa darasa la pili, akaja kusimama kando yake kwa adabu, akainama, akanusa kwa muda mrefu.

"Shosho, mbona hainukii?"

Nikamwambia ukweli, kwamba floribunda nyingi hazina harufu ya kusifia, waliozizalisha walijali wingi wa maua. Nikamweleza kuna waridi lingine la pinki, la Jabal Akhdar kule Oman, ambalo huchumwa kila mwaka na kukamuliwa marashi, na kwamba pwani, bibi za wengine hunyunyiza marashi ya waridi mpaka kwenye halua. Akasikiliza. Akainama tena.

"Inanuka sabuni," akasema.

Nikageuka. Mama yake alikuwa ameanika shuka mbili.